Je, Daftari la Kisima Chenu Lasema Kweli?

Ndugu msomaji, huenda unausoma ukurasa huu Jumapili asubuhi, kikombe cha chai kikiwa mkononi na watoto wakicheza uani. Kabla hujaimaliza chai hiyo, jiulize swali moja: maji yaliyoipika yalipimwa na nani, na yalipimwa lini?

Wengi wetu hatuna jibu. Twaijua bei ya dumu la lita 20. Twazijua saa ambazo pampu huwashwa, na twamjua kwa jina kijana anayeshika ufunguo wa gati la kuchotea maji. Fedha kidogo ikipungua katika hesabu za kamati ya maji, mkutano wa mtaa huwaka moto, na mweka hazina hutakiwa alete vitabu vyake mbele ya watu. Lakini ni mkutano gani uliowahi kumtaka fundi wa pampu alete daftari la vipimo vya maji?

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Nasaha hii twaifuata vema katika fedha. Katika maji, ambayo ndiyo uhai wenyewe, bado hatujaifuata.

Makala hii yahusu hasa mitambo midogo ya maji. Katika miji yetu, hususan pembezoni ambako bomba kuu la mamlaka ya maji limechelewa kufika, familia nyingi za wafanyakazi hutegemea kisima kirefu kimoja, pampu moja, tangi juu ya mnara na mabomba machache. Mtambo wa namna hiyo waweza kuwa wa mtaa, wa shule, wa kambi ya wafanyakazi au wa mtu binafsi auzaye maji kwa majirani. Wengine wetu tumeiacha mitambo ya aina hiyo kijijini, ambako wazazi na ndugu zetu wanaitegemea hadi leo. Mitambo hiyo ni neema kubwa. Hata hivyo, ina udhaifu mmoja: usalama wa mamia ya watu huwa mikononi mwa mtu mmoja au wawili, na mara nyingi hakuna anayewatazama.

Ili tuone gharama ya kutowatazama, hebu tusafiri hadi nchi yenye fedha, maabara na wataalamu wengi. Tusije tukadhani kwamba jambo hili ni la nchi maskini peke yake.

Mji mdogo wa Walkerton

Walkerton ni mji mdogo katika jimbo la Ontario, nchini Kanada. Mwaka 2000 ulikuwa na wakazi wapatao 4,800. Maji yao yalitoka katika visima vitatu vilivyoendeshwa na idara ndogo ya mji wenyewe. Kimoja kati yake, Kisima Na. 5, kilichimbwa mwaka 1978. Kina chake kilikuwa mita 15 tu, na kilikuwa karibu na shamba la ng'ombe.

Kati ya tarehe 8 na 12 Mei, 2000, mvua kubwa ilinyesha. Maji ya mvua yakapenya ardhini, yakapita katika nyufa za mwamba, yakabeba vijidudu vya samadi hadi kisimani. Mwenye shamba hakuwa na hatia. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Dennis O'Connor iliona baadaye kwamba alikuwa amefuata taratibu nzuri za kilimo. Mvua na samadi zipo kila mahali duniani. Ni kwa sababu hiyo maji hutiwa dawa.

Hapa yafaa tueleze dawa hiyo, klorini, inavyofanya kazi. Klorini ikitiwa katika maji huua vijidudu vingi, na katika kuua hutumika na kupungua. Fundi mwema hutia kiasi cha kutosha, husubiri, kisha hupima kiasi kilichobaki. Kiasi hicho kilichobaki ndicho shahidi. Kama kipo, maana yake dawa imemaliza kazi na akiba imesalia. Kama kimetoweka ghafla, maana yake uchafu umeingia na kuimaliza dawa yote. Kwa hiyo kipimo cha kila siku hutoa tahadhari mapema, kabla mtu hajaugua.

Kanuni za Ontario zilitaka maji yabaki na miligramu 0.5 za klorini kwa kila lita, baada ya dawa kukaa majini dakika 15. Lakini waendeshaji wa visima vya Walkerton kwa miaka mingi walitia dawa pungufu, na siku nyingi hawakupima kabisa. Walichofanya ni kujaza daftari. Siku nenda siku rudi waliandika 0.5 au 0.75, na karibu hapakuwa na namba nyingine. Daftari lilikuwa kamili, safu zimenyooka, na tarehe hazikuruka. Lakini namba zake zilikuwa za kubuni. Hata katika siku zile za Mei, uchafu ulipokuwa ukiingia Kisima Na. 5, daftari liliendelea kuonyesha 0.75.

Wakazi wanywa, ofisi yauliza

Tarehe 15 Mei sampuli za maji zilichukuliwa. Tarehe 17 Mei maabara ilimjulisha meneja wa idara ya maji kwamba maji yalikuwa na vijidudu vitokanavyo na kinyesi. Maabara hiyo ilikuwa ya binafsi, na sheria ya wakati ule haikuilazimisha kuiarifu ofisi ya afya. Habari ikabaki kwa mtu mmoja. Naye hakuisema, kwa kuwa alihofia ingejulikana kwamba kisima kingine, Na. 7, kilikuwa kikiendeshwa bila chombo cha klorini.

Kuanzia tarehe 18 Mei watoto na wazee walianza kufika hospitalini wakiharisha damu. Ofisi ya afya ilipiga simu kwa meneja tarehe 19 Mei, ikauliza: je, maji yana kasoro? Ikajibiwa kwamba maji ni mazuri. Ikauliza tena siku iliyofuata, ikapewa uhakikisho uleule. Siku hiyohiyo mfanyakazi mmoja wa idara ya maji alipiga simu kwa wizara inayohusika bila kutaja jina lake, akaeleza kwamba majibu ya maabara yalikuwa mabaya.

Hatimaye, Jumapili tarehe 21 Mei, saa saba na nusu mchana, ofisi ya afya ilitangaza kwamba watu wachemshe maji. Haikungoja tena maelezo ya meneja. Wagonjwa walikuwa wametosha kuwa ushahidi. Kesho yake mgonjwa wa kwanza akafariki. Kwa jumla walikufa watu 7, na zaidi ya 2,300 waliugua, karibu nusu ya idadi ya mji. Watu 27 walipatwa na ugonjwa unaoharibu figo, uletwao na sumu ya kijidudu kile. Jaji O'Connor alikadiria kwamba, kama tangazo lingetolewa tarehe 19 Mei, watu kati ya 300 na 400 wasingeugua.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba waendeshaji hao walikuwa na nia ya kuua. Wao wenyewe waliyanywa maji yale. Waliamini kwamba maji ya kisima, kwa kuwa ni baridi, maangavu na matamu, hayahitaji dawa. Isitoshe, baadhi ya wakazi walilalamika kwamba klorini yaharibu ladha, na hivyo kupunguza dawa kukaonekana kuwa ni kuwatendea wananchi hisani. Desemba 2004 mahakama ilimhukumu meneja kifungo cha mwaka mmoja, na mwenzake kifungo cha nyumbani cha miezi tisa.

Lakini lawama haikuwa yao peke yao. Wakaguzi wa serikali walifika mwaka 1991, 1995 na 1998. Katika ukaguzi wa 1998 kasoro zilionekana, idara ikaahidi kujirekebisha, na hapakufanyika ukaguzi mwingine kabla ya maafa. Waendeshaji walikuwa na vyeti walivyopewa kwa sababu ya kuikaa kazi muda mrefu, bila kufanya mtihani. Ontario ilipotunga Sheria ya Maji Salama ya Kunywa mwaka 2002, mafunzo ya waendeshaji yakawa ya lazima, na maabara zikatakiwa kutoa taarifa mara moja maji yanapokutwa na kasoro.

Turudi nyumbani

Sisi tunajifunza nini? Tanzania ilianza mapema kuyahesabu maji kuwa haki ya kila mtu. Mpango wa maji vijijini wa mwaka 1971 ulilenga kwamba, katika miaka 20, kila mwananchi apate maji umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili usafi, vyoo na maji. Walioishi wakati ule watakumbuka kwamba swali kubwa lilikuwa umbali: maji yako wapi? Swali hilo bado halijaisha. Lakini penye maji tayari, lipo swali la pili: maji hayo yakoje?

Kipindupindu kimetufundisha swali hilo kwa ukali. Mwezi Agosti 2015 ugonjwa huo ulizuka jijini Dar es Salaam, ukaenea katika mikoa mingi. Kijidudu chake hakionekani kwa macho, hakina harufu, na hakibadili rangi ya maji.

Sheria tunazo. Viwango vya maji ya kunywa vimewekwa na Shirika la Viwango Tanzania, na kimojawapo hakina mjadala: katika mililita 100 za maji, kijidudu kionyeshacho uchafu wa kinyesi hakitakiwi kuwamo hata kimoja. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Na. 5 ya mwaka 2019, iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, na kuweka utaratibu wa vyombo vya jamii vya kutoa huduma ya maji. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji katika mikoa mbalimbali. Hata mwenye kisima chake binafsi hawezi kutumia maji ya ardhini apendavyo. Uchimbaji na matumizi yana vibali vyake, na bodi za maji za mabonde ndizo zinazohusika.

Lakini sheria haina miguu. Mkaguzi hawezi kulala kando ya kila kisima. Kati ya ziara yake moja na nyingine hupita siku nyingi, na katika siku hizo zote wanaokunywa maji ni sisi. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza wa kisima cha mtaa ni watu wa mtaa wenyewe.

Maswali ya kuuliza kwenye mkutano

Mkutano ujao wa watumiaji maji ukiitishwa, nenda. Na baada ya hesabu za fedha kusomwa, nyoosha mkono uulize kwa heshima mambo yafuatayo.

Kwanza, klorini hupimwa mara ngapi, na daftari liko wapi? Kipimo chenyewe si kazi ya profesa. Maji hutiwa katika kichupa kidogo, kidonge maalumu huyeyushwa ndani yake, na maji hugeuka rangi ya waridi. Rangi ikikolea, klorini ni nyingi. Isipotokea, hakuna kitu. Fundi huilinganisha rangi hiyo na rangi za mfano, akaandika namba. Yote ni kazi ya dakika chache. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mahali mwananchi anapochota, maji yawe bado na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita. Basi kipimo kisifanyike kwenye tangi tu, bali hata kwenye gati la mwisho kabisa.

Utakapolishika daftari, lisome kama ulisomavyo daftari la dukani. Kipimo cha kweli hupanda na kushuka, leo 0.4, kesho 0.3, baada ya mvua 0.1 na maelezo kwamba dawa iliongezwa. Ukikuta namba moja imejipanga kuanzia Januari hadi Juni, usifurahi haraka. Mwombe fundi apime mbele yenu.

Pili, sampuli ya mwisho ilipelekwa maabara lini, na majibu yako wapi? Majibu hayo yabandikwe ukutani penye gati, yawe mazuri au mabaya, ili kila anayesimama kwenye foleni ayaone. Kamati iwe imekubaliana mapema kwamba majibu yakiwa mabaya, mwenyekiti na bwana afya wa kata hujulishwa siku ileile. Walkerton walikosa kanuni hiyo moja.

Tatu, mazingira ya kisima yakoje? Tembeeni pamoja mkayaone. Je, sakafu ya saruji imepasuka? Je, maji yanayomwagika yanatuama? Je, mifugo inafika? Je, kuna choo cha shimo karibu? Wengi hutumia kanuni ya mita 30 kati ya choo na kisima, ingawa penye mchanga au mwamba wenye nyufa hata umbali huo waweza usitoshe. Tazameni pia mabomba. Mitaani kwetu bomba la plastiki mara nyingi limelazwa ndani ya mtaro wa maji machafu, na viungo vyake vimefungwa kwa mpira. Pampu ikiwaka, maji huvuja kwenda nje. Pampu ikizimwa, bomba hubaki tupu na maji ya mtaroni huingia ndani kupitia tundu lilelile. Mnaofungua bomba mara tu maji yanaporudi, kumbukeni kwamba maji ya mwanzo ndiyo yaliyolala na uchafu huo.

Nne, fundi wetu amefundishwa, na analipwa? Si haki kumkabidhi kijana afya za nyumba mia tatu, kisha kumlipa kwa kusuasua na kumnyima hata kichupa cha kupimia. Anayenyimwa kipimo ataandika namba za kubuni. Vilevile si haki kumfukuza aliyeleta habari mbaya. Mkimwadhibu fundi kwa sababu alisema maji yamechafuka, mwingine atakayemfuata atajifunza kunyamaza. Fundi anayesema “leo msinywe, chemsheni” ndiye wa kupongezwa mbele ya mkutano.

Mwisho, sisi wenyewe tuache kuilaumu dawa. Mara ngapi tumesikia nyumbani kwamba chai yanuka klorini, na kwamba kisima cha jirani kina maji matamu zaidi? Harufu hafifu ya dawa ni dalili kwamba mlinzi yuko kazini. Anayeichukia aache maji katika chombo safi chenye mfuniko kwa saa kadhaa, na harufu itapungua.

Wajibu wa nyumbani

Wakati mambo hayo yanatengenezwa, familia isikae ikisubiri. Maji yenye tope yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yachemshwe mpaka yatokote sawasawa kwa muda wa dakika moja. Anayetumia vidonge au dawa ya maji ya dukani afuate kipimo kilichoandikwa, na asubiri nusu saa kabla ya kunywa. Maji yaliyo tayari yahifadhiwe katika chombo chenye mdomo mwembamba au chenye bomba, kifunikwe, kisichovyewe kikombe na kila mkono. Maji salama huchafuka upesi ndani ya ndoo iliyo wazi.

Hata hivyo, kuchemsha si tiba ya kila kitu. Katika baadhi ya sehemu za Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga, maji ya ardhini yana floraidi nyingi, ambayo huyatia meno ya watoto madoa na ikizidi sana huharibu mifupa. Floraidi haiondoki kwa moto. Huonekana maabara tu, nasi twarudi palepale: bila kupimwa, maji hayajulikani.

Ndugu msomaji, gharama ya kupima ni ndogo. Ukiigawa kwa nyumba zote zinazochota katika kisima kimoja, huenda isifikie hata nauli ya kumpeleka hospitalini mtoto mmoja anayeharisha usiku. Baba atakosa siku ya kazi, mama atakesha wodini, na biashara ndogo ya familia italala. Hayo yote hayaandikwi katika daftari lolote la kamati, lakini sisi ndio tunaoyalipa.

Basi wiki hii, ukienda kuchota maji au ukimtuma mtoto, usiishie kuuliza bei ya dumu. Mwulize fundi: “Leo umepima?” Akikuonyesha namba iliyoandikwa asubuhi hiyo, mshukuru kwa moyo. Akikutazama bila jibu, usigombane naye. Peleka swali hilohilo kwenye kamati, na usiliache mpaka daftari liletwe mezani.